Donda Ndugu na Ngozi ya Samaki

Muuguzi anapobandua shashi iliyokaukia kidondani, mara nyingi haitoki peke yake. Hung'oka na utando mwembamba wa ngozi changa iliyokuwa imeanza kutambaa kutoka ukingoni, damu ikachuruzika upya. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi huenda asishtuke hata kidogo. Kidonda cha wiki mbili kinageuka cha miezi hivyo hivyo.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kidonda kipate hewa, kikauke, kifanye kigaga. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa London aliwachubua nguruwe wadogo ngozi ya juu, vidonda vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba. Vilivyofunikwa viliota ngozi kwa kasi inayokaribia mara mbili ya vile vya wazi. Sababu ni kwamba seli za ngozi husafiri penye unyevu. Kwenye kigaga hulazimika kupenya chini yake kwa taabu.

Tangu hapo maabara zimetafuta vifunikaji kila mahali: mwani wa kahawia unaogeuka ute ukifyonza majimaji, maganda ya kamba, kano za ng'ombe. Kinachovutia kuliko vyote ni ngozi ya samaki.

Huko Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazili, madaktari walianza miaka ya 2010 kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia, samaki yule yule ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria humwita sato. Ngozi husafishwa, ikalowekwa kwenye gliserini, kisha ikapigwa mionzi ya kuua vimelea. Ikishabandikwa hushikamana na jeraha na inaweza kukaa siku kadhaa, wakati matibabu ya krimu huhitaji bandeji kufunguliwa kila mara, na kila kufungua ni maumivu.

Kwenye vidonda sugu, mfano ulio mbele ni wa Aislandi. Kampuni ya Kerecis, iliyoanzia mji mdogo wa Ísafjörður, hutumia ngozi ya chewa wa Atlantiki. Hii haibanduliwi. Kolajeni yake yenye vitundu vidogo hufanya kazi kama mirunda ya mafundi ujenzi: seli za mgonjwa hupanda humo, mishipa ya damu ikaota, na taratibu ngozi ya samaki ikamezwa na nyama mpya. Kwa kuwa hatari ya samaki wa bahari ya baridi kumwambukiza binadamu virusi ni ndogo mno, haihitaji kusafishwa kwa dawa kali kama ya ng'ombe au nguruwe, hivyo mafuta yake ya omega-3 hubaki.

Kolajeni hiyo ina faida nyingine. Katika donda ndugu, chembe nyeupe za damu hukwama katika hatua ya mapambano, zikimwaga vimeng'enya vinavyotafuna hata kiunzi kipya. Vikipewa kolajeni ya samaki, hutafuna hiyo kwanza.

Lakini ngozi hiyo si dawa ya usaha. Bakteria wa kidonda sugu hujifunika kwa utando wa ute ambao antibayotiki hupenya kwa shida, kwa hiyo nyama iliyokufa lazima ikwanguliwe kwanza. Hata bandeji za madini ya fedha au asali, ambazo kweli huua vimelea, hazijawashawishi wataalamu wa mguu wa kisukari: mwongozo wao wa kimataifa hauzipendekezi kwa lengo la kuharakisha kupona. Habari hiyo haiwafurahishi wauzaji.

Kisha kuna uzito wa mwili. Kidonda cha unyayo kinachoendelea kukanyagwa hakiponi, kifunikwe kwa chochote. Ndiyo maana bandeji ngumu ya plasta, inayofungwa hadi chini ya goti ili kutawanya mgandamizo, bado inaheshimika kuliko bidhaa nyingi za bei mbaya. Nchini Tanzania, mradi wa Step by Step wa kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, ulioongozwa na daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, haukuanzia kwenye bandeji za kisasa. Ulichukua jozi za daktari na muuguzi wa kituo kimoja, ukawafundisha pamoja kukagua nyayo, kupima ganzi na kukwangua kidonda, kisha ukawarudisha mikoani wakafundishe wenzao.