Mchagua Mbegu Ndiye Mkulima

Wahenga walisema: «Mchagua jembe si mkulima.» Nasi twakubali. Mvivu hakosi kulaumu jembe lake, huku shamba likijaa majani. Lakini juu ya mbegu maneno ni mengine: asiyechagua mbegu hutoa jasho la bure. Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu wa Kivu, akina baba, akina mama na wanafunzi, juu ya nyanya za bustani ya nyumbani.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mwaka mmoja tulinunua mbegu sokoni, zimefungwa katika kikaratasi kisicho na jina. Tukazipanda mwezi wa Septemba, mvua zilipoanza, kando ya viazi vya kizungu. Minyanya ilisitawi, nasi tulikwisha kuhesabu fedha za shule za watoto wawili katika maua yale. Mwezi wa Novemba ukungu ukashuka kutoka milimani siku nne mfululizo. Siku ya tano tukaona madoa meusi juu ya majani. Na kabla ya juma kwisha, minyanya yote ilikuwa kana kwamba imeunguzwa kwa moto. Hatukuchuma hata kikapu kimoja. Ilitubidi kuuza mbuzi ili watoto wasifukuzwe shuleni. Tulikuwa tumekosea mambo matatu: wakati, mahali na mbegu.

Wakati

Mbegu nyingi hutoka Ulaya, na pakiti zake husema: panda mwezi wa Machi au Aprili. Huko ndio mwanzo wa majira ya machipuko. Watu wa kule hungoja baridi iondoke, maana usiku mmoja wa barafu waweza kuua minyanya yote. Kwetu Bukavu hakuna barafu. Adui yetu ni mvua. Ugonjwa uliotula mali, Wafaransa huuita «mildiou». Huletwa na kijidudu cha namna ya kuvu, kiitwacho Phytophthora infestans, ndicho kilichoharibu viazi vya Ireland tangu mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Hupenda baridi na umande, husafiri kwa upepo, na hutoka katika viazi kuingia katika nyanya, kwa kuwa mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja.

Basi, hata sisi yafaa tusie mbegu mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, lakini kwa sababu yetu wenyewe. Miche hukua kitaluni mvua za mwisho zikinyesha, na matunda huiva Julai na Agosti, wakati wa kiangazi. Kazi yake ni kuteka maji. Mwagia maji shinani, asubuhi, wala usilowanishe majani. Anayetaka kupanda wakati wa mvua na ajenge kipaa cha nailoni nyeupe juu ya miti minne, akiacha pande zote wazi upepo upite.

Mahali

Usipande nyanya mahali palipotoka viazi, mbiringani, pilipili au tumbaku. Ngoja miaka mitatu au zaidi, ukipanda mahindi au maharagwe. Ukiona mnyanya umenyauka ghafula hali majani yangali mabichi, kata kipande cha shina, ukitundike katika bilauri ya maji safi. Ikiwa uzi mweupe kama maziwa washuka ndani ya maji, huo ni mnyauko wa bakteria, nao hauna dawa. Ng'oa, choma moto, uhamishe nyanya mahali pengine.

Mbegu

Mbegu ni nyingi. Twataja tatu zijulikanazo sana.

Roma ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950. Mti wake ni mfupi, na matunda yake, yenye umbo la yai, huiva karibu pamoja. Nyama yake ni nene, haina maji mengi. Yafaa kwa mchuzi na huvumilia safari ya sokoni.

Moneymaker ilitoka Uingereza. Ni ndefu, yataka mti wa kuegemea wa mita moja na nusu hata mbili, na vichipukizi vya makwapani viondolewe kila juma. Huzaa kidogo kidogo kwa muda mrefu; yafaa nyumba inayotaka nyanya chache kila siku.

Marmande yaitwa kwa jina la mji mmoja wa Ufaransa. Matunda yake ni makubwa, yenye mikunjo na maji mengi. Ni tamu mezani, lakini yakitikiswa njiani hupasuka.

Tena soma herufi za pakiti. V na F zaonyesha kwamba mbegu huweza kushindana na magonjwa mawili ya mnyauko, Verticillium na Fusarium. N yahusu minyoo ya mizizi. Lakini VF haizuii mildiou, wala mnyauko wa bakteria. Nazo F1 ni mbegu za mchanganyiko wa wazazi wawili: huzaa vizuri mara ya kwanza, lakini watoto wake hawafanani naye. Usiziwekee akiba.

Kusia

Kwanza jaribu. Funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto. Zikiota 16 au zaidi baada ya siku 10, ni njema. Zikiota chini ya 10, tafuta nyingine. Gramu moja tu ina mbegu 300 hivi, basi hakuna haja ya kununua nyingi.

Tengeneza kitalu cha udongo laini wenye samadi iliyooza. Chora mistari yenye sentimita 15 katikati, sia kwa kina cha sentimita moja, funika kwa majani makavu. Mara mbegu zichomozapo, ondoa majani hayo, miche isirefuke bure. Baada ya majuma manne au matano, ikiwa na majani manne au matano, ihamishe wakati wa jioni. Izike hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la mnyanya huota mizizi. Acha sentimita 50 au 60 kati ya mche na mche.

Ukitaka mbegu za mwakani, chagua mti mzima na wenye afya, si tunda zuri tu. Kamua mbegu za tunda lililoiva kabisa, ziache katika maji yake siku mbili au tatu, zioshe, zianike kivulini juu ya sahani.

Nanyi wanafunzi, iandikieni bustani ya nyumbani daftari: jina la mbegu, siku ya kusia, idadi ya vikapu. Sisi tulipopoteza mavuno hatukuweza hata kujua mbegu ile iliitwaje, tusije tukainunua tena. Kalamu yako ingaliweza kumwokoa mbuzi wetu.