Oili tisini: namba inauzwa, daraja linabaki kwenye pipa

Ukiomba oili ya gia kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, utaulizwa swali moja tu: lita ngapi? Muuzaji hana haja ya kujua gari ni la mwaka gani. Pampu ya mkono imezamishwa kwenye pipa la lita 208, oili inateremka kwa uvivu ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, na mteja anaondoka na "tisini" yake kwenye mfuko wa rambo. Maandishi yote ya maana yamebaki ubavuni mwa pipa.

Mwenye lori la mchanga hapotezi kitu. Difu yake inataka hasa oili ile iliyojaa mtaani, ya daraja la GL-5. Anayeumia ni mwenye Land Rover 109, mwenye Peugeot iliyorithiwa kwa baba, na kijana aliyefufua Beetle iliyokuwa imegeuka banda la kuku. Hao hununua kwa namba 90, ile ya uzito wa oili, wakati giaboksi zao zinajali zaidi namba inayofuata herufi GL.

Mfanyabiashara mmoja wa mtaa huo, aliyeomba asitajwe, ana kilio chake. Aliagiza katoni za GL-4 kwa ajili ya magari ya kale, akazilipia kodi na gharama za bandari kama alivyozilipia GL-5. Mzigo wa GL-5 ukatoka. GL-4 ikakaa kwenye rafu hadi lebo zikapauka kwa jua. Wateja walisoma nne wakauliza tano iko wapi. Mafundi ndio waliommaliza, anasema, kwa kumwambia mbele ya wateja kwamba anauza mali iliyopitwa na wakati. Mtaji umelala pale miezi na miezi, na mwenye nyumba hapokei kodi ya pango kwa makopo ya oili. Anaapa kwamba angeruhusiwa kuandika sita juu ya kopo, angeshamaliza mzigo. (Daraja la sita liliwahi kuwepo kweli, likaachwa zamani. Sikumwambia.)

Lawama zake kwa mafundi zina chumvi kidogo, maana yeye mwenyewe ana pipa la GL-5 mlangoni na halifungi mtu akija na Land Rover. Lakini kwenye jambo lenyewe hakosei. Tano haina maana ya bora kuliko nne. Ina maana ya dawa nyingi zaidi, ile ya salfa na fosforasi, takriban mara mbili ya iliyomo kwenye GL-4. Dawa hiyo inahitajika kwenye difu ya meno ya haipoidi, ambako jino linamsugua mwenzake kwa uzito mkubwa, na chuma juu ya chuma hakina mjadala. Giaboksi ya zamani ina shaba ndani: bushi na ringi za sinkronaiza. Salfa iliyozidi huishambulia shaba pole pole. Tena ringi ya sinkronaiza hufanya kazi kwa kushika, na oili yenye utelezi uliopita kiasi huifanya ishindwe kushika.

Dalili yake niliiona kwenye gereji moja ya uani, Ilala. Fundi alifungua nati ya chini ya giaboksi ya Land Rover Series III, akakinga kwa karai la plastiki. Oili ilitoka nyeusi. Alipoliinamisha karai kuelekea jua, juu ya ule weusi kukawa kunameremeta vumbi la rangi ya dhahabu. Akachovya kidole, akasugua na gumba, akanusa. Harufu ile kali ya salfa ndiyo kipimo cha mtaani cha kutambua oili halisi na oili chafu iliyochujwa ikarudishwa kwenye madumu. Pua hiyo hiyo haiwezi kutofautisha nne na tano, naye alikiri. Gari lilikuja kwa sababu gia ya pili inakwaruza.

Ofisa mmoja anayehusika na viwango hana wasiwasi. Maelezo yake ni kwamba oili ya GL-5 iliyoingia kihalali imeshapita kipimo cha shaba: kipande cha shaba kinazamishwa kwenye oili yenye joto la nyuzi 121 kwa saa 3, kisha kinatazamwa kimebadilika rangi kiasi gani. Kwa hiyo, kwa maneno yake, suala la shaba limekwisha. Alilirudia hilo mara kadhaa, na ile 121 ilitamkwa kwa namna ya mtu anayefunga kesi.

Kesi haifungiki kirahisi hivyo. Ngazi za kipimo hicho ni nne, kuanzia shaba iliyofifia kidogo hadi iliyolika, na GL-5 inaruhusiwa kufika ya tatu, yaani shaba iliyokolea weusi. Hizo ni saa tatu. Land Rover ya milimani inakaa na oili hiyo mwaka mzima, pengine miwili, kwa kuwa mwenyewe hubadilisha pale gari linapoanza kulia. Na kipande cha shaba kwenye chupa ya maabara hakibadilishi gia, kwa hiyo habari ya utelezi haimo kabisa. Nilipouliza ni mara ngapi oili inachukuliwa kwenye mapipa ya rejareja, na si bandarini, jibu lilikuwa "mara kwa mara".

Kikwazo kikubwa cha biashara ya GL-4, hata hivyo, ni hesabu. Giaboksi ya Series inameza lita 1.5, na kiboksi cha fowili lita 2.5. Jumla lita 4. Difu za kawaida za gari hilo, lita 1.75 kila moja, zinakunywa GL-5 bila taabu. Ina maana mwenye gari halazimiki kutafuta oili adimu kwa gari zima, jambo linalompunguzia gharama, na hapo hapo linamwondolea mwagizaji hamu. Nani ataleta kontena kwa ajili ya wateja wa lita nne nne?

Peugeot zina mkasa wao. Kenya, 404 inakumbukwa kwa kushinda Safari Rally mara nne, 1963 na kisha 1966 hadi 1968, na zilizobaki zinatunzwa kama mboni ya jicho. Giaboksi yake inataka oili ya injini. Mafundi wengi hukataa katakata, wakiamini 90 ni nzito maradufu ya 40. Mizani ni mbili tofauti: tisini ya gia inakaribiana uzito na 40 au 50 ya injini. Difu ya 404 ndiyo kichekesho zaidi, maana iliundwa kwa oili yenye asili ya mbarika, mafuta ambayo Kariakoo huuzwa kwa jina la nyonyo kwa ajili ya nywele. Ya saluni si ya difu, na ya difu haichanganywi na oili ya madini. Sikupata duka lililokuwa nayo.

Land Rover za baadaye zenye giaboksi ya LT77, nyingi ziliandikiwa oili nyekundu ya otomatiki, nazo hujazwa tisini vile vile. Asubuhi ya baridi ya Njombe, gia inakataa kuingia na klachi inasingiziwa.

Waagizaji wawili wanasema wanafikiria kuleta GL-4 kwa makopo ya lita moja. Kufikiria si kuagiza, na dola ikipanda wazo kama hilo ndilo la kwanza kuwekwa kando. Huenda watu wa magari ya watalii Arusha wakaungana kununua kwa pamoja. Wengine wanaagiza za kwao na hawana shida na Kariakoo. Yule mfanyabiashara wa Gerezani amebakiwa na katoni kadhaa. Ameanza kuziuza kwa waendesha bodaboda wanaotafuta oili ya kupaka minyororo.