Mkunazi wa Mtaa

Shangazi yangu alifariki baada ya sala ya Isha, usiku wa Jumatano, katika msimu wa kaskazi. Kufikia saa nne sanda ilikuwa imekwisha kukatwa, kafuri imewekwa kisahanini, kitanda cha kuoshea kimeletwa kutoka msikitini na ndoo za maji zimepangwa uani. Mwosha wetu, mama wa makamo ambaye mikono yake imewapitia wengi wa marehemu wa kike wa mtaa huu, akauliza jambo moja tu: "Mkunazi uko wapi?"

Tukatazamana. Kwa miaka yote jibu la swali hilo lilikuwa fupi: nenda nyuma ya kisima, utauona. Lakini mkunazi wa kisimani ulikuwa umekatwa miezi minane nyuma kupisha ukuta wa nyumba ya ghorofa, na wala hapana aliyeukumbuka mpaka usiku ule. Kijana mmoja akapanda pikipiki, akazunguka mitaa mitatu, akarejea karibu na saa sita na pakiti ndogo ya unga wa kijani aliyoipata kwa muuza dawa za kiasili, baada ya kumtoa usingizini. Mwosha akaifungua, akainusa, akautia ule unga majini na kuukoroga kwa mkono. Povu likatoka hafifu, likafa. Hakusema neno. Akaagiza sabuni iletwe.

Naomba nisieleweke vibaya. Osho lile lilisihi bila shaka, na shangazi alizikwa asubuhi kama wanavyozikwa Waislamu wote. Mkunazi katika kuosha maiti ni sunna, si sharti. Asiyeupata hutumia sabuni na hana dhambi. Lakini sunna hii ina asili nzito. Alipofariki binti wa Mtume (S.A.W.), aliwaelekeza akina mama waliomwosha, naye Ummu Atiyya akiwa miongoni mwao, wamwoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na katika osho la mwisho watie kafuri. Vivyo hivyo aliagiza kuhusu yule hujaji aliyeanguka kutoka juu ya mnyama wake pale Arafa akafa: aoshwe kwa maji na mkunazi. Hadithi zote mbili zimo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Kwa sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii, osho la mkunazi husafisha kwanza, kisha mwili humiminiwa maji matupu ya kuuondoa, kwani maji yaliyobadilika kwa majani hayahesabiwi kuwa osho la kutoharisha.

Sababu yake inaonekana kwa macho. Majani ya mkunazi yana dutu itoayo povu kama sabuni. Huondoa mafuta na uchafu bila ukali, na huacha harufu nyepesi ya majani mabichi. Bibi zetu waliyatumia kuoshea nywele kabla ya kuingia sabuni za dukani, na baadhi ya bibi harusi wa pwani hadi leo hupakwa unga wake kichwani katika siku za kusingwa. Waosha hodari huyatwanga majani mabichi, huyatia katika maji na kuyapiga kwa mikono, kisha hulichota lile povu peke yake kwa ajili ya kichwa, ili chembe za majani zisikwame katika nywele. Makapi na maji yaliyobaki ni ya kiwiliwili. Unga uliokaa dukani mwaka mzima juani, kama ule wetu, hauwezi kazi hiyo.

Mti wenyewe ni wa kawaida mno, na pengine ndiyo maana hauheshimiwi. Aina iliyoenea katika pwani yetu wataalamu huiita Ziziphus mauritiana. Ukiachwa bila kukatwa huwa kichaka kipana chenye matawi yanayoinama, au mti mdogo. Jani lake ni la mviringo, juu kijani kilichokoza na chini jeupe kama lililopakwa unga, na mishipa mitatu huanzia kwenye kikonyo. Penye kila jani hukaa miiba, mara nyingi miwili: mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Ule uliopinda ndio unaorarua kanzu. Maua ni madogo, ya rangi ya kijani na njano, na harufu yake si ya kujivunia, lakini nyuki wanayapenda sana. Ndugu zetu wenye asili ya Hadhramaut wanajua thamani ya jambo hili, kwani asali ya mkunazi ya Wadi Doan ni miongoni mwa asali za bei ya juu kabisa. Mkunazi wa huko ni ndugu wa huu wetu, ule uitwao Ziziphus spina-christi, wenye jani laini lisilo na weupe chini. Waarabu huita aina hizi zote sidri. Ndilo jina lililotajwa katika Qurani, katika Suratul Waqia penye mikunazi isiyo na miiba ya watu wa Peponi, na katika Suratu Saba penye mikunazi michache iliyowabakia watu walioikufuru neema.

Kuhusu kunazi zenyewe sina haja ya kumweleza mtu wa pwani. Ni nani aliyesoma chuoni asizibebe mfukoni? Mbichi ni kali na huliwa na chumvi na pilipili. Ikiiva huwa njano kisha hudhurungi, nyama yake ikawa laini na tamu yenye uchachu. Ina vitamini C kwa wingi. Zilizokauka hudumu miezi. Mbuzi hula majani, matawi yenye miiba huzungushiwa zizi, na mbao yake ngumu hufaa mipini ya majembe. Gome na mizizi waganga wetu huvitumia kwa maradhi ya tumbo, ingawa mimi binafsi simshauri mtu kuchemsha mizizi kwa kukisia ilhali daktari yupo.

Sasa nije kwenye kuupanda, kwa kuwa baada ya arubaini ya shangazi ndiyo kazi niliyojipa, na nilikosea mara mbili kabla ya kufaulu.

Kosa la kwanza lilikuwa kufukia kokwa nzima na kungoja. Kokwa ya kunazi ni ngumu kama kijiwe, na ndani yake mna vyumba viwili ambavyo mara nyingi kimoja tu ndicho chenye kiini kilicho hai. Ikizikwa nzima huenda ikachukua wiki nne au zaidi, na nyingine hazioti kabisa. Njia iliyo bora ni hii. Kusanya kunazi zilizoiva sawasawa kutoka kwa mti wenye afya, zile nyama yake, osha kokwa na uzianike kivulini siku chache. Zitie katika maji yenye chumvi nyingi. Zinazoelea ni tupu, zitupe. Zinazozama zisuuze vyema kwa maji matamu. Kisha ilaze kokwa ubavu juu ya jiwe na uigonge polepole kwa nyundo mpaka ipasuke, uangalie usikiponde kiini. Kiini ni chembamba, cha rangi ya hudhurungi inayong'aa. Kiloweke usiku mmoja na ukipande asubuhi yake, kina cha sentimita mbili. Viini vilivyotolewa hivi huota kwa muda wa wiki moja au siku kumi.

Kosa la pili lilikuwa chombo. Nilipanda katika pakiti za maziwa, na miche ikaota vizuri, kisha ikadumaa na kunyauka nilipoihamisha. Mkunazi hutanguliza mzizi mmoja mrefu ushukao moja kwa moja chini, na ndio siri ya kustahimili kwake ukame. Mzizi huo ukigonga kitako cha chombo kifupi hupinda, na ukikatwa wakati wa kuhamisha mche huumia. Safari ya tatu nilichukua chupa za maji za lita moja na nusu, nikazikata shingo, nikazitoboa chini na kuzijaza mchanga, udongo na samadi iliyooza. Nikaziweka juani, kwani mti huu haupendi kivuli hata utotoni. Siku ya kuhamisha sikuuvuta mche. Niliipasua chupa kwa kisu na kuuteremsha shimoni na udongo wake wote. Mwenye nafasi anaweza kuepuka haya yote kwa kupanda viini viwili vitatu pale pale mti utakapokaa, mvua za masika zinapoanza, kisha akaacha mche mmoja ulio na nguvu.

Shimo liwe la futi mbili kwenda chini, na miti ipishane mita sita au zaidi. Udongo wa kichanga unaufaa, na chumvi kidogo haiusumbui. Mwagilia mwaka wa kwanza. Baada ya hapo utajitafutia. Uzungushie kinga mpaka upite urefu wa mbuzi, maana mbuzi wa mtaani haogopi miiba midogo.

Anayetaka majani tu ametosheka na mche wa kokwa. Anayetaka na matunda mazuri ajue kwamba mti wa kokwa haufuati mama yake: kunazi kubwa huweza kuzaa mti wa kunazi ndogo kali. Wakulima wa India, ambao wameustaarabisha mti huu kuliko wote, wana aina za matunda makubwa kama Gola, Seb na Umran, na huzihifadhi kwa kubebesha jicho. Mche ukifika unene wa kalamu, hupasuliwa gome kwa umbo la herufi T, likachomekwa jicho lililobanduliwa na gome lake kutoka mti bora, likafungwa kwa utepe wa plastiki, jicho likiachwa wazi. Likibaki kijani baada ya wiki tatu limeshika, na sehemu ya juu ya mche hukatwa. Hata mkunazi mzee wa mwituni unaweza kukatwa, ukachipua, na yale machipukizi yakabebeshwa. Vipandikizi vya matawi ni vigumu kushika mizizi. Mimi nimeacha kujaribu.

Kupogoa ndiko watu wasikokujua. Matunda hutoka kwenye matawi ya mwaka ule ule, kwa hiyo mti upunguzwe kila mwaka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Mti uliopogolewa hubaki mfupi, majani yake hufikiwa na mkono wa mwanamke bila ngazi, na hauvamii ukuta wa jirani. Nashuku kwamba mkunazi wa kisimani ungalipogolewa usingalikatwa. Wala usiachwe kujizalia ovyo: kaskazini mwa Australia, ulikopelekwa kutoka nje, umegeuka magugu yaliyofunga malisho.

Majani yakiwa mengi, yakaushwe kivulini, yatwangwe, yachekechwe na kuwekwa katika chupa kavu yenye kifuniko, na tarehe iandikwe juu. Ya kwangu nayabadilisha kila baada ya miezi sita. Hata hivyo majani mabichi hayana mbadala.

Katika Sunan ya Abu Dawud kuna onyo kali kwa akataye mkunazi, naye Abu Dawud mwenyewe ameeleza kuwa makusudio ni mkunazi wa jangwani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukakatwa kwa dhulma bila haki. Simtuhumu aliyekata wa kwetu. Ardhi ilikuwa yake kwa hati. Lakini hapana aliyemwambia mti ule ulikuwa na kazi gani, na sisi tuliokuwa tukichuma hatukuwahi hata kuumwagilia.

Miche yangu mitatu imepona. Mmoja uko uani kwetu na umefika kifuani. Wa pili ameuchukua mwosha wetu. Wa tatu tuliomba nafasi penye ua wa makaburi, karibu na bomba la maji. Mzee anayetunza pale alikubali kwa masharti mawili: uwe mbali na njia ya jeneza kwa sababu ya miiba, na kila mwaka tuje tuupogoe wenyewe.