Mwezi Ukitoweka, Kiwanja Ingepoteza Nini?

Kiwanja iko mbali na bahari. Kutoka mji huo wa Rutshuru, kaskazini ya Goma, hadi ufukwe wa Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi wa wakazi wake hawajawahi kuona maji yakijaa na kupwa. Ziwa Edward na ziwa Kivu hayana kupwa kunakoonekana kwa macho. Hata hivyo ardhi wanayoikanyaga huinuka na kushuka kila siku. Mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na ule wa jua, huipandisha ardhi yenyewe kwa takriban sentimita 30, pamoja na nyumba, mashamba ya maharagwe na milima ya Virunga, kisha huishusha; mara mbili kwa siku. Hakuna anayehisi, kwa sababu kila kilicho karibu naye kimeinuka pamoja naye.

Basi tuseme mwezi umetoweka usiku wa leo. Dunia haingepotea njia. Mwezi una uzito wa sehemu moja tu kati ya 81 za uzito wa dunia, na linaloishika dunia kwenye mzunguko wake ni jua. Asubuhi kungekucha kama kawaida. Wanaosema siku ingefupika ghafla na kuwa ya saa nane wamechanganya mambo mawili: ni kweli kwamba mwezi umeichelewesha dunia katika kujizungusha kwake, lakini kazi hiyo imefanyika kwa mamia ya mamilioni ya miaka na haifutiki kwa usiku mmoja. Ushahidi umo kwenye mawe. Mwaka 1963 mwanasayansi Mmarekani John Wells alihesabu michirizi ya ukuaji kwenye matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe, akakuta kwamba karibu miaka milioni 400 iliyopita mwaka mmoja ulikuwa na siku kama 400. Mwaka haukuwa mrefu zaidi; siku ndizo zilizokuwa fupi.

Kitu cha kwanza ambacho Kiwanja ingekikosa ni mwanga.

Mtambo wa umeme wa Matebe, uliojengwa kwenye mto Rutshuru na kuzinduliwa mwaka 2015, umeleta taa katika eneo hilo, lakini hatua chache nje ya mitaa yenye nguzo, giza ni giza. Mwezi mpevu hung'aa zaidi ya mara 1,000 kuliko Zuhura, nyota ya asubuhi, ambayo ndiyo ingebaki kuwa taa kubwa ya usiku. Katika nchi ambako familia nyingi zimewahi kukimbia vita usiku, watoto wakiwa mgongoni, mtu hahitaji kuelezwa thamani ya mbalamwezi. Wanaoamka alfajiri kusukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, zilizojaa viazi na makaa wanaijua pia.

Tanzania kuna kipimo cha thamani hiyo, na ni cha kutisha. Mwaka 2011 mtafiti Craig Packer na wenzake walichapisha uchunguzi wa mamia ya mashambulizi ya simba dhidi ya wanavijiji, yaliyotokea kati ya 1988 na 2009. Mengi yalitokea saa za mwanzo za usiku, mwezi ukiwa haujachomoza. Kipindi cha hatari kubwa kilikuwa siku zinazofuata mwezi mpevu, pale jioni inapoanza kuwa na giza tena na simba wana njaa, kwa kuwa mbalamwezi iliwanyima mawindo. Bila mwezi, kila jioni ingekuwa na giza la aina hiyo.

Kwa mvuvi wa sambaza wa ziwa Kivu hesabu ingekuwa tofauti. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huvuliwa usiku kwa taa: mitumbwi hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa, taa huwaita samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, samaki hutawanyika, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Bila mwezi, usiku wote thelathini ungekuwa wa kazi. Hiyo ingeonekana neema, na kwa mwaka mmoja au miwili huenda ingekuwa neema. Lakini mapumziko ya mbalamwezi ni likizo ya samaki isiyohitaji askari wala amri. Katika ziwa Tanganyika hata likizo hiyo haikutosha: kuanzia katikati ya Mei 2024 Tanzania ililazimika kufunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane.

Pwani ndiko hasara ingeonekana mara moja. Zanzibar, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na ni katika siku hizo za kupwa sana ndipo wanawake wa Paje na Jambiani huingia baharini kufunga na kuvuna mwani, na wengine kutafuta pweza miambani. Jua nalo huvuta bahari, ila kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiondoka maji yangesogea kidogo tu, saa zilezile kila siku, bila bamvua wala maji mafu. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ya mwani isingefikika tena kwa miguu. Mikoko inayotegemea maji ya chumvi kuifikia mara kwa mara ingeanza kufa upande wa bara. Na Waislamu wa pwani, kama wenzao wa Goma, wasingekuwa na mwandamo wa kuutazama wa kuanzia Ramadhani.

Lakini hasara kubwa kuliko zote ingechelewa sana kufika, na ingefika mpaka Kiwanja. Dunia haikusimama wima. Imeinama kwa digrii 23.4, na mwinamo huo ndio unaogawa misimu. Kwa makumi ya maelfu ya miaka hubadilika kidogo tu, kati ya digrii 22 na 24 na nusu hivi. Mwezi ndio mkono unaoushika mwinamo huo usiyumbe sana. Mwaka 1993 Mfaransa Jacques Laskar na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba bila mwezi, mvuto wa sayari nyingine ungeweza kuuyumbisha mwinamo wa dunia kati ya sifuri na digrii 85. Hesabu za mwaka 2012 za Jack Lissauer na wenzake zilipunguza hofu: kuyumba kungekuwepo, ila kudogo zaidi na kwa polepole mno. Mirihi, yenye miezi miwili midogo isiyo na nguvu ya kuituliza, imeyumba namna hiyo kweli.

Kwa Kiwanja hili si jambo la vitabuni. Jua hupita juu kabisa ya mji mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata. Ndiyo sababu kuna misimu miwili ya kupanda maharagwe. Kama mwinamo ungefika digrii 85, mwezi Juni jua la Kiwanja lingebaki chini, karibu na upeo wa macho upande wa kaskazini, mchana kutwa. Mwinamo ukipita digrii 54 tu, ncha za dunia hupata joto la jua kwa mwaka kuliko ikweta. Barafu ambayo leo imebaki kidogo kileleni Ruwenzori, kwenye mita 5,109 za Margherita, ingeweza kushuka hadi mabondeni.

Hakuna nguvu inayojulikana inayoweza kuuondoa mwezi ghafla. Kweli, unakwenda: vioo ambavyo wanaanga wa Apollo 11 waliviacha huko mwaka 1969 hurudisha miale ya leza inayotumwa kutoka duniani, na vipimo hivyo vinaonyesha kwamba mwezi husogea mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Kwenye wastani wa kilomita 384,400 zinazoutenga na dunia, tangu mwaka huo umeongeza kama mita mbili.