Msimamizi, Sikiliza Kikohozi cha Mafundi Wako

Je, wewe ni msimamizi wa karakana ya samani? Kila jioni unahesabu meza na viti. Hesabu pia mafundi wanaokohoa.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Vumbi la mvule na la mninga huwasha macho, pua na ngozi. Huweza kuleta pumu. Tena, wataalamu wamethibitisha kuwa vumbi la mbao huweza kuleta saratani ya pua.

Mwangalie kila fundi. Je, anakohoa siku za kazi na kupata nafuu siku ya mapumziko? Huenda kazi ndiyo inayomdhuru. Mlete zahanati mapema. Lakini akirudi kwenye vumbi lile lile, dawa yangu haitamponya.

Fanyeni hivi:
1. Pigeni msasa nje, au mahali penye hewa nyingi.
2. Nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia.
3. Anayepiga msasa avae barakoa ya vumbi.
4. Gundi ya kubandikia fomaika juu ya meza ina mvuke mbaya, na hushika moto upesi. Bandikeni penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Msimamizi, anza wewe kuvaa barakoa. Wenzako watafuata.