Bia moja, hamira tatu: siri ya IPA ya kupika nyumbani

Mada ya leo ni ya wenye miaka 18 kwenda juu, wengine mtusamehe.

Marekani watu kibao wanapika bia nyumbani, hasa tangu Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya kuwaondolea kodi mwaka 1978. Wengi hupenda kupika IPA, ile bia chungu ambayo asili yake ni Uingereza na ilikuwa ikipelekwa India kwa meli. Uchungu unatoka kwenye maua ya hopsi. Sasa hopsi wanazisifia wote, hamira ndo inasahaulika.

Mambo yako hivi. Ukichemsha maji ya kimea cha shayiri pamoja na hopsi, hapo bado huna pombe. Hamira ndiyo inakula sukari na kutoa kilevi na gesi. Njiani inaacha na harufu zake.

Unataka kulinganisha? Pika lita 15 kwa mpigo, gawa kwenye ndoo tatu safi, kila ndoo na hamira yake:

1. US-05 (ya Kimarekani): inapenda nyuzi 18 hadi 22 hivi. Haina makeke, inaacha hopsi zisikike.

2. S-04 (ya Kiingereza): joto karibu hilohilo. Ina harufu ya matunda kwa mbali, na inatuama chini haraka.

3. Voss (ya wakulima wa Norway, jamii ya kveik): yenyewe inataka nyuzi 35 hadi 40! Inamaliza kazi kwa siku chache na kuacha harufu ya machungwa.

Hapo kwenye joto ndo penye ishu. Ukiiweka US-05 kwenye chumba cha nyuzi 32, itachemka fasta, ila inatoa vilevi vizito vinavyounguza koo. Mtu atalaumu hopsi bure, kumbe kaionea hamira. Kwa joto la Dar au Mombasa, bila friji, Voss ndiyo inayoendana na hali halisi.

Jingine, hili si la utani: usijaze chupa mapema. Sukari ikibaki nyingi, hamira inaendelea kutoa gesi ndani ya chupa mpaka inapasuka, na vioo vinaweza kumtoa mtu jicho. Pima kwa haidromita. Namba isipobadilika siku tatu mfululizo, na imeshuka vya kutosha (mfano kutoka 1.060 hadi karibu 1.012), hapo sawa. Ikigoma juu, kama 1.030, bado subiri.

Na kabla hujawasha jiko, ulizia sheria za unapoishi. Kenya kwa mfano, sheria ya vileo ya 2010 inamtaka mtengenezaji awe na leseni.

Wenye uzoefu wa mbege, busaa au mnazi, hamira zenu zinafanyaje kwenye joto? Tupeni ujuzi hapo chini.

Nawasilisha.