Puli ya Krankishafti: Kasoro Itambuliwe Kabla ya Kununua Vipuri

Gari la chama likiwa kuukuu, taa ya betri ikawaka na maji ya rejeta yakachemka safarini, shauri la kwanza huwa ni kununua betri, alteneta au mkanda mpya wa feni. Fedha za wanachama hutolewa, kipuri hufungwa, na baada ya siku chache kasoro hurudi ile ile. Hapo yafaa kichunguzwe kifaa kisichotazamwa mara kwa mara, nacho ni puli ya krankishafti.

KAZI YA PULI

Krankishafti ni mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka. Puli hufungwa kwa boliti kubwa kwenye ncha yake ya mbele. Mkanda unaopita juu ya puli huendesha alteneta na, katika magari mengi ya zamani, pampu ya maji na feni pia. Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ni mfano wa mpango huo. Kwa hiyo puli ikiharibika, umeme na upoozaji wa injini hudhoofika kwa pamoja.

Puli nyingine ni chuma kitupu. Nyingine zina sehemu mbili, yaani kitovu na pete ya nje, zilizounganishwa kwa raba ili kupunguza mtikisiko wa krankishafti. Raba hiyo huchakaa kwa joto, kwa umri na kwa mafuta yanayovuja.

KASORO TATU ZA KUTOFAUTISHA

Kwanza, boliti kulegea. Injini hugonga kwa mbele ikiwa katika mwendo mdogo, na puli huyumba. Injini ikizimwa, puli hucheza inapotikiswa kwa mkono.

Pili, kulika kwa kii, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa katika mfereji kati ya puli na krankishafti. Kasoro hii huzaliwa na ile ya kwanza. Dereva akiendelea kulitumia gari lenye boliti iliyolegea, mfereji wenyewe hupanuka, na hapo si puli tu inayohitaji matengenezo, bali krankishafti pia. Gharama ya kukaza boliti haina ulinganisho na gharama ya kufungua injini nzima.

Tatu, raba kuachia. Mkanda hulia na kuchanika pembeni, na pete ya nje huweza kusogea mbele au nyuma. Jaribio lake ni jepesi. Injini ikiwa imezimwa, uchorwe mstari wa chaki au rangi kutoka kwenye kitovu hadi kwenye pete. Gari liendeshwe kidogo, kisha injini izimwe na mstari utazamwe. Ukiwa umekatika, pete imezunguka peke yake na puli haifai tena.

Izingatiwe kuwa katika injini nyingi alama za taimingi ziko kwenye pete hiyo ya nje. Pete ikihama, alama husema uongo. Fundi akizifuata, injini hupoteza nguvu, hupata joto na hula petroli kupita kiasi. Kabla ya kurekebisha taimingi, pistoni ya kwanza haina budi kuhakikiwa kwamba iko juu kabisa wakati alama zinapokutana.

MATENGENEZO

Waya hasi wa betri utenganishwe, mkanda utolewe, na krankishafti izuiwe isizunguke boliti inapofunguliwa. Puli ivutwe kwa kifaa chake chenye skrubu, kikishika kitovu. Kupiga nyundo au kukongoa pete kwa bisibisi huvunja raba na huweza kudhuru krankishafti.

Puli ikishatoka, kii na mfereji vichunguzwe. Kitovu kitazamwe mahali kinapogusana na sili ya mafuta. Kikiwa na mkwaruzo mzito, sili mpya peke yake haitazuia mafuta kuvuja. Wakati wa kufunga, ukingo wa sili upakwe mafuta, na boliti ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mfereji uliopanuka usijazwe kwa kuchomelea ovyo. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye karakana ya kukerezea.

WAJIBU WA KATIBU

Katibu si lazima awe fundi. Hata hivyo, kabla ya kuidhinisha malipo, ana haki ya kuonyeshwa kipuri kibovu na kuelezwa ni ipi kati ya kasoro hizo tatu iliyopatikana. Kasoro na tarehe ya matengenezo ziandikwe katika daftari la gari. Dereva naye aagizwe kusimama mara asikiapo mgongano mbele ya injini, hata kama mazao ya wanachama yanasubiri ghalani. Safari iliyoahirishwa hufanyika kesho. Injini iliyovunjika huweza kulilaza gari msimu mzima.